Daktari Anajibu: Kirusi cha HPV na uhai wa mgonjwa wa saratani ya uume

Saratani ya uume ni ugonjwa wa nadra. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanaume wapatao 36,000 duniani kote waligunduliwa kuwa nao, idadi ndogo sana ukilinganisha na ile ya saratani ya tezi dume. Hata hivyo, barua tulizozipokea kuhusu ugonjwa huu ni nyingi kuliko tulivyotarajia, na karibu zote zinarudi kwenye jambo moja: karatasi ya majibu inataja kirusi cha HPV (kirusi cha papiloma cha binadamu), na familia haijui kama hiyo ni habari mbaya au njema. Nimechagua barua tano.

SWALI: Daktari, salaam nyingi kutoka Sengerema. Mume wangu ana miaka 61. Mwaka jana alitokwa na kidonda chini ya govi, akakificha kwa miezi minane huku akijipaka marhamu ya dukani, hadi siku niliyoona damu kwenye nguo zake nikifua. Amekatwa sehemu ya mbele ya uume. Majibu ya kinyama, yaani kipande cha nyama kilichokatwa ili kipimwe, yalisema ni saratani inayohusiana na HPV. Tangu siku hiyo nyumba yetu haina amani. Shemeji yangu anasema kwamba mwenye kirusi hana siku nyingi, na mimi, nisifiche, ninajiuliza alikitoa wapi. Tumeoana miaka 33. Je, kirusi hiki kinamfupishia maisha?

JIBU: Hapana, mama. Shemeji yako amesema kinyume cha yale ambayo tafiti nyingi zimeonyesha. Takribani nusu ya saratani za uume zilizopimwa duniani zimekutwa na HPV, na wagonjwa wa kundi hilo, kwa wastani, wamekuwa na nafasi nzuri zaidi ya kutouawa na saratani hiyo kuliko wale ambao uvimbe wao hauna kirusi. Nasema kwa wastani kwa sababu hakuna karatasi inayoweza kumtabiria mtu mmoja siku zake. Lakini neno HPV kwenye majibu ya mume wako halipaswi kusomwa kama hukumu.

Sasa nije kwenye lile ulilolitaja kwa uchungu zaidi. HPV huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi wakati wa kujamiiana, na ni maambukizi ya kawaida mno, kiasi kwamba watu wengi walioanza maisha ya ndoa au mapenzi hukutana nayo wakati fulani bila kujua. Katika watu wengi mwili hukiondoa kirusi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hubaki kimya kwenye ngozi, na kutoka maambukizi hayo hadi saratani kwa kawaida hupita miaka mingi, pengine miongo. Kwa hiyo kirusi kilichoonekana leo kwa mwanamume wa miaka 61 kinaweza kuwa kiliingia kabla hamjaoana, na hakuna daktari wala maabara inayoweza kukuambia kiliingia lini na kwa njia ya nani. Nimewahi kukaa na mume na mke waliokuwa wamevunja unyumba kwa sababu ya mstari mmoja wa majibu ambao hakuna mtu aliyewafafanulia walipokabidhiwa. Mume aliacha hata kuhudhuria kliniki, kwa kuwa kila safari ilianzisha ugomvi upya. Ninakuomba msifike huko, maana kliniki hiyo ndiyo inayolinda uhai wake kwa sasa.

Yako mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni lako wewe: nenda ukapimwe mlango wa kizazi, kwa kipimo cha siki au kwa kipimo cha kutafuta HPV chenyewe kama kinapatikana karibu nawe, kwa sababu aina za HPV zinazoleta saratani ya uume ni zile zile zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi, na aina ya 16 ndiyo inayoongoza katika zote mbili. La pili ni la mume wako: muulize daktari aliyemfanyia upasuaji kama tezi za kinena zilichunguzwa, na ziko katika hali gani. Kwa nini ninalitilia mkazo swali hili, utaona kwenye jibu la barua ya tatu.

SWALI: Mimi ni tabibu katika kituo cha afya karibu na Kisumu. Nimesoma kwamba wagonjwa wa saratani ya uume wenye HPV huishi zaidi. Inanishangaza, kwa kuwa tumezoea kukiona kirusi kama adui. Inawezekanaje saratani iliyoletwa na kirusi iwe na nafuu kuliko isiyo na kirusi? Na je, tafiti zote zinakubaliana?

JIBU: Nianze na swali la pili. Hazikubaliani zote, na msomaji makini anapaswa kujua hivyo. Mwaka 2001 madaktari wa Brazil, nchi ambayo ugonjwa huu ni mzigo mkubwa hasa katika majimbo yake ya kaskazini na kaskazini mashariki, walichapisha matokeo ya wagonjwa 82. Kirusi kilipatikana kwa asilimia 30 hivi, na hapakuwa na tofauti ya maana ya uhai kati ya makundi mawili. Miaka mitano baadaye, mwaka 2006, watafiti wa hospitali moja ya Amsterdam, Uholanzi, walitoa matokeo ya wagonjwa 171: kati ya wenye HPV ya aina hatari, asilimia 93 hawakuwa wameuawa na saratani hiyo baada ya miaka mitano, na kati ya wasio na kirusi ilikuwa asilimia 78. Mwaka 2015 timu ya hospitali hiyo hiyo ilirudia kazi kwa wagonjwa wengine 212, ikapata asilimia 96 kwa 82. Kisha mwaka 2018 watafiti wa Denmark waliunganisha tafiti kadhaa pamoja na kukuta kwamba hatari ya kufa kwa saratani hiyo ilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40 kwa wagonjwa ambao uvimbe wao ulikuwa na vinasaba vya HPV, na pungufu kwa zaidi ya nusu kwa wale waliokuwa na alama ya p16, ambayo nitaieleza hivi punde.

Kama unavyoona, hesabu ni za watu mia na kitu, mia mbili na kitu. Hiyo ndiyo tabu ya ugonjwa wa nadra: hospitali moja hukusanya wagonjwa kwa miaka mingi kabla haijaweza kusema lolote, na katika miaka hiyo vipimo na upasuaji vimeshabadilika. Kwa maoni yangu ushahidi unaelemea upande mmoja vya kutosha kumpa mgonjwa matumaini, lakini hautoshi kumpunguzia matibabu.

Kuhusu sababu, hebu tuingie ndani ya seli. Seli ya kawaida ina protini zinazoilinda isijigawe ovyo. Moja ni p53, ambayo seli ikiharibika huisimamisha ijirekebishe au huiamuru ife. Nyingine ni Rb, inayoshikilia lango la kujigawa. HPV huleta protini zake mbili: E6 huikamata p53 na kusababisha ivunjwevunjwe, na E7 huishika Rb mpaka lango linabaki wazi. Hapo seli huzalisha p16 kwa wingi ikijaribu kufunga breki, lakini breki hiyo hufanya kazi kupitia Rb, ambayo tayari imetekwa. Ndiyo maana p16 hulundikana ndani ya seli, na mtaalamu wa patholojia akikipaka dawa maalumu kile kipande cha kinyama, ambacho ni chembamba kuliko karatasi, huona chini ya hadubini uwanja mzima wa uvimbe ukikolea rangi ya kahawia, huku ngozi ya jirani isiyo na kirusi ikibaki ya samawati iliyopauka. Kipimo hiki si ghali kama cha kutafuta vinasaba vya kirusi, na ndicho kinachotumika zaidi.

Katika saratani isiyo na kirusi mambo huenda tofauti. Huko chanzo mara nyingi ni miaka ya muwasho sugu wa ngozi: govi lililobana lisiloweza kufunuliwa wala kusafishwa, ugonjwa wa ngozi unaoifanya iwe nyeupe na kukakamaa, na juu yake moshi wa tumbaku. Kwa muda wote huo makosa hulundikana katika vinasaba vya seli yenyewe, na mara nyingi kinasaba cha p53 huharibika moja kwa moja. Kwa hiyo katika saratani ya kirusi mlinzi amefungwa kamba, na katika ile nyingine mlinzi ameuawa. Aliyefungwa kamba bado anaweza kusaidia mionzi au dawa zinapoishambulia seli. Aidha, E6 na E7 ni protini ngeni, na kinga ya mwili inaweza kuzitambua kama ngeni. Haya ni maelezo yanayokubalika na wengi, na yanapewa nguvu na saratani ya koo: katika utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2010, baada ya miaka mitatu wagonjwa wa saratani ya koo yenye HPV waliokuwa hai walikuwa asilimia 82, na wasio na kirusi asilimia 57.

Niongeze angalizo moja ambalo tabibu kama wewe utalithamini. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2016, huzigawa saratani za uume katika makundi hayo mawili, yenye uhusiano na HPV na yasiyo nao, lakini ndani ya kila kundi kuna tabia tofauti. Ipo saratani inayoota kama sunzua kubwa, isiyohusiana na kirusi, ambayo hukua polepole na ni nadra sana kusambaa. Na ipo ya kibasaloidi, inayohusiana na kirusi, ambayo hupenya ndani haraka na kuwahi tezi. Usimwambie mgonjwa lolote kuhusu maisha yake kwa kusoma neno HPV peke yake.

SWALI: Ninaishi Kampala. Baba yetu, miaka 66, alikatwa uvimbe wa uume miezi mitatu iliyopita. Majibu yanasema p16 ni chanya. Daktari anataka kumfanyia upasuaji mwingine wa kutoa tezi za kinena pande zote mbili. Kaka yangu amesoma mtandaoni kwamba wenye kirusi hupona, kwa hiyo anashauri baba asikatwe tena, hasa kwa kuwa hana mitoki inayoonekana. Tufanye nini?

JIBU: Barua hii ndiyo iliyonifanya niandike safu nzima juu ya suala hili, kwa kuwa habari njema ikitumiwa vibaya inaweza kumuua mzee wenu.

Saratani ya uume haina haraka ya kurukia mapafu au ini. Husafiri kwa mpangilio: kutoka uumeni huingia kwenye tezi za kinena, na kutoka hapo hupanda kwenye tezi zilizo ndani ya nyonga. Mgonjwa ambaye tezi zake za kinena ni safi ana nafasi kubwa, zaidi ya wanane kati ya kumi, ya kuwa hai baada ya miaka mitano bila kuuawa na saratani hiyo. Ikishafika kwenye tezi za ndani ya nyonga, wanaofikisha miaka hiyo mitano ni wachache mno. Hakuna kipimo cha kirusi kinachoweza kuleta tofauti kubwa namna hiyo.

Kaka yako anasema hakuna mitoki inayoonekana. Ni kweli, lakini kwa uvimbe uliopenya ndani, takribani mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano ambaye kinena chake hakina kitu cha kushika kwa vidole tayari ana seli za saratani ndani ya tezi. Mwaka 2005 madaktari wa Amsterdam walilinganisha wagonjwa waliotolewa tezi zenye saratani mapema, kabla hazijavimba, na wale waliosubiriwa mpaka zikaonekana. Baada ya miaka mitatu, waliosalimika na saratani katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 84, na katika kundi la waliosubiri asilimia 35. Ninaomba umsomee kaka yako takwimu hizo mbili kwa utulivu, kisha umwombe azilinganishe na zile za kirusi nilizomweleza tabibu wa Kisumu.

Hadi sasa matibabu ya tezi hayapunguzwi kwa sababu p16 ni chanya. Upasuaji huo una maumivu na madhara yake, yakiwemo miguu kuvimba na kidonda kuchelewa kufunga, na mna haki ya kuuliza kama baba anaweza kuanza na kipimo cha kutoa tezi ya kwanza tu inayopokea maji ya uvimbe, mahali ambapo utaalamu huo upo. Ulizeni pia kama uvimbe wake ulipenya kiasi gani na ulikuwa wa daraja gani, yaani seli zake ni kali kiasi gani, kwa sababu mdogo wa juujuu huenda usihitaji kukatwa zaidi. Lakini uamuzi utokane na hayo, usitokane na kirusi.

Mko katika mji ambao ugonjwa huu una historia ndefu ya kuchunguzwa. Mwaka 1966 daktari wa upasuaji Sebastian Kyalwazi alichapisha katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki taarifa za wagonjwa 153 wa saratani ya uume waliolazwa hospitali ya Mulago. Enzi hizo hakuna aliyejua habari za HPV ya 16. Ilitambuliwa katika saratani ya mlango wa kizazi mwaka 1983 na timu ya Harald zur Hausen huko Ujerumani. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado wanaume wengi wa ukanda wetu hufika hospitali kinena kikiwa kimeshavimba. Baba yenu amefika mapema kuliko wao. Msiipoteze nafasi hiyo.

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, ninaishi na VVU na ninatumia dawa vizuri. Nina kidonda kidogo kwenye kichwa cha uume, hakiumi, kina wiki kama saba. Duka la dawa wamenipa vidonge vya kaswende lakini hakijapona. Sijatahiriwa. Nikitahiriwa kitaondoka?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nenda hospitali wiki hii. Kidonda au wekundu wa ngozi ya uume usiopona kwa wiki nne, hata kama hauumi, unatakiwa kuchukuliwa kinyama, na kutouma si dalili ya usalama. Unapoishi na VVU, mwili hupata tabu kukiondoa kirusi cha HPV, kwa hiyo hatari ya saratani hii huwa juu mara kadhaa kuliko kwa mwingine. Endelea na dawa zako bila kukosa hata siku moja.

Tohara haitibu kidonda kilichokwisha kuwapo, ingawa daktari anaweza kuamua kuondoa govi ili akione vizuri au kwa sababu kidonda kimekaa humo. Faida yake ni ya kinga. Majaribio ya Rakai, Uganda, yalionyesha kwamba wanaume waliotahiriwa ukubwani walikutwa na HPV ya aina hatari kwa asilimia 18, na wasiotahiriwa asilimia 28. Kwa saratani ya uume yenyewe, kinga kubwa huonekana kwa waliotahiriwa utotoni. Ukifika hospitali mwambie daktari waziwazi ni wiki ngapi na ni dawa gani umemeza. Vidonda vingi vya namna hii si saratani, na vile vilivyo hatua ya mwanzo kabisa vinaweza kutibiwa kwa dawa ya kupaka au upasuaji mdogo unaouacha uume mzima.

SWALI: Mimi ni baba wa wavulana wawili, miaka 10 na 13, Dodoma. Binti yangu alichanjwa HPV shuleni. Je, wavulana nao wachanjwe? Na kaka yangu aliyetibiwa saratani hii, chanjo itamsaidia asirudiwe?

JIBU: Wavulana wanaweza kuchanjwa na wananufaika. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011, lililohusisha wavulana na wanaume 4,065 wa miaka 16 hadi 26, chanjo ilizuia kwa takribani asilimia 90 vipele na vidonda vya sehemu za siri vinavyotokana na aina za HPV zilizomo ndani yake, ingawa vingi vya vipele hivyo vilikuwa masundosundo na si saratani. Australia ilianza kuchanja wavulana kitaifa mwaka 2013. Hapa Tanzania mpango wa taifa ulioanza mwaka 2018 umelenga wasichana, kwa kuwa saratani ya mlango wa kizazi inaua wengi zaidi na dozi hazikutosha kila mtu, kipaumbele ambacho mimi naona ni cha haki. Kwa wanao ingebidi uulizie hospitali inayotoa chanjo kwa malipo, na iwe kabla hawajaanza kujamiiana. Kumchanja binti yako nako kunawalinda kwa kiasi wavulana wa rika lake.

Kaka yako ni suala jingine. Chanjo huzuia kirusi kisiingie na haiondoi kilichokwisha kuingia wala haitibu saratani, kwa hiyo asiitegemee. Kinachomfaa ni kuacha sigara kama anavuta na kuhudhuria kliniki kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili ya kwanza, kisha kila miezi sita hadi mwaka wa tano. Kati ya kliniki moja na nyingine, ajipapase kinena pande zote mbili mara moja kwa mwezi akiwa bafuni, ngozi ikiwa na sabuni, na akigusa kivimbe kigumu ambacho mwezi uliopita hakikuwapo asisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.